Naomba ushauri: maji ya kisima yana chumvi, mizeituni michanga inaungua majani

Habari zenu wakuu. Nipo Krete, Ugiriki, upande wa Tympaki, pale uwanda wa Messara unapokutana na bahari. Udongo ni mzuri mno, na wenyeji wanalima mizeituni na nyanya za kwenye banda kitalu. Shida ni maji: mvua hunyesha majira ya baridi, kisha Juni hadi Agosti ni kama hakuna kabisa, kila mtu anavuta kisima.

Nimekodi kishamba chenye mizeituni 40 ya miaka mitatu. Tangu Julai ncha za majani zinakauka kama zimebabuliwa na moto, na kwenye matundu ya mipira ya kumwagilia kwa matone kuna ukoko mweupe. Nimeulamba, ni chumvi (msinicheke). Nimesimamisha mbolea ya chumvichumvi wiki sita sasa, nikamwagilia kidogo kidogo kila siku. Ndiyo kwanza ukoko unaongezeka.

Kwa mliolima kwenye maji ya namna hii: nimwagilie mara chache ila kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi? Na mboji inasaidia, au nasubiri tu mvua za Novemba?