Tela mnapakia ninyi, breki zikishindwa lawama kwa dereva. Msimu huu wa korosho nimechoka!

Wakuu, nimetoka kugombana na msimamizi wa ghala hapa Newala na hasira bado ninazo, mnivumilie.

Naendesha pikapu inayovuta tela la ekseli moja, haya ya kawaida yasiyo na breki. Makuli wanalipwa kwa gunia, kwa hiyo wanarusha tu: nyuma kunajaa mpaka juu, mbele panabaki uwazi. Nikisema sogezeni mbele, naambiwa "dereva, kazi yako usukani". Msimamizi naye anadakia: "Kwani tani si ni zilezile?"

Zilezile, ndiyo. Magunia 18 ya kilo 80 ni kilo 1,440, na chuma cha tela bado hujahesabu. Pikapu tupu haifiki mbali na hapo. Yaani breki za gari moja zinasimamisha karibu magari mawili, na tela halisaidii kitu, linasukuma tu. Hilo nalijua, ndiyo maana natembea taratibu. Ninacholalamikia ni mahali uzito unapokaa.

Tela linatakiwa liegemee kidogo kwenye ndoano ya gari, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Kwa mzigo huu ni kama magunia mawili na ushee. Ukijaza nyuma, linageuka pembea: mkia chini, tako la pikapu juu. Matairi ya nyuma hayashiki lami, ukikanyaga breki yanajifunga na kuteleza, tela linayumba, na likipata upenyo linakukunja. Halafu pikapu nyingi zina valvu juu ya ekseli ya nyuma inayopima gari limelala kiasi gani. Tako likinyanyuka, valvu inaona hakuna mzigo, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Mzigo wote ule mgongoni, na gari linajiona tupu!

Wapo pia wajuaji wanaorundika kila kitu mbele. Hapo tako linalala, taa zinamulika matawi ya mikorosho, usukani unakuwa mwepesi, na matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanabeba kazi kubwa ya kusimamisha gari, hayana uzito wa kutosha juu yake.

Sasa shuka na hiyo kuelekea Masasi, mvua za kwanza zimelowesha lami. Gia ndogo nimeweka, lakini gia inazuia matairi ya nyuma, yaleyale yaliyonyanyuliwa! Juzi kwenye kona tela lilitaka kunipita ubavuni. Napiga simu ghalani, jibu: "Peleka gereji, breki zako mbovu." Fundi kafungua, pedi nzima, maji ya breki yapo. Na hela ya fundi nimelipa mimi.

Nimemwambia mwenye mzigo: magunia mengi yakae juu ya ekseli, yazidi mbele kidogo, yaanzie chini, yafungwe kamba. Hataki, atafute gari lingine.

Kama kuna fundi Masasi au Mtwara mjini anayefunga breki kwenye tela dogo, zile zinazojibana zenyewe tela likisukuma gari, aje hapa na bei yake. Na wewe msimamizi, najua unasoma humu. Jibu hapahapa, usinipigie simu.