Maumivu ya mgongo na nyonga usiku: wewe unalalaje? Tupeane uzoefu

Mwalimu_Singida
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi ambao mchana tunajikaza, ila kitandani ndiyo shughuli inaanza. Mimi ni nyonga ya kulia. Nikiilalia, inawaka. Nikigeukia kushoto, mguu wa juu unadondokea mbele na kuvuta kiuno mpaka naamka.

Mtaalamu wa mazoezi tiba alinifundisha kuweka mto kati ya miguu, na alisisitiza uanzie magotini ufike hadi kwenye vifundo. Goti likiinuliwa huku unyayo umebaki chini, nyonga bado inapinda. Mito ya sponji laini ilikuwa inabonyea yote, kwa hiyo nimekunja blanketi zito na kulifunga kwa khanga kuukuu mafundo mawili, lisikunjuke usiku. Mguu wa juu unatakiwa ulale usawa na godoro. Nimeanza kulala hadi adhana ya alfajiri. Nanyi leteni yenu.

Dereva wa Tunduma
Mwalimu umenena. Mimi mgongo wa chini, kazi ya lori. Nalala chali, chini ya magoti naweka mto. Safarini naweka begi la nguo. Magoti yakikunjika kidogo, kiuno kinalegea.

Kuamka nako kuna namna yake. Usinyanyuke kifua mbele. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu nje ya kitanda, kisha jisukume kwa kiwiko na mkono. Tofauti utaiona asubuhi hiyo hiyo.

Mama Kijacho, Mombasa
Mie nina mimba ya miezi saba, mfupa wa kinena na nyonga zote mbili zauma. Kugeuka ndiko kulikoniliza. Mkunga akanambia: bana magoti pamoja, geuka mwili mzima kwa mara moja, usitangulize mguu mmoja. Nalala ubavu, mto miguuni na mwengine mwembamba chini ya tumbo. Dada zangu wenye mimba kubwa, kulala chali tuache, uzito wa mtoto wabana mshipa mkubwa wa damu.

Fundi Samani
Swali kwa wote: ni kweli godoro gumu ndiyo dawa? Baba yangu aliambiwa alale sakafuni.

Mwalimu_Singida
Fundi, ushauri huo umezagaa sana, na mimi siukubali. Kuna utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Lancet: watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini walipewa magodoro mapya, na waliopata ya ugumu wa kati walipata nafuu zaidi ya waliopewa magumu. Mzee umtoe sakafuni, hata kule kuinuka tu ni mateso. Mlaze ubavu, umtazame kwa nyuma: uti wa mgongo unyooke kuanzia shingoni hadi kiunoni. Na kabla hamjanunua godoro, wewe fundi kagua chaga. Chaga moja ikivunjika katikati, godoro zuri kabisa linakuwa bonde.

Shujaa wa Selimundu
Naomba wenzangu wenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa damu) mnisome vizuri. Nilipanga mito kila namna, nyonga ikaendelea kuuma hata nimetulia, maumivu yakishuka kwenye kinena. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani kwa sumaku, ndicho kikaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu na kimeanza kufa. Kwetu sisi, nyonga inayouma wiki hadi wiki ichunguzwe mapema, kabla mfupa haujabonyea. Mto hautibu hilo.

Nesi wa Zamu
Asante sana Shujaa. Naongezea: ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu, nenda hospitali usiku huo huo. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, ukapimwe TB. Huwa inashambulia pingili za uti wa mgongo pia.

Nawasihi, diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya kununua dukani kila siku mwiache. Inachubua tumbo na kuumiza figo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, kiunoni kwa dakika 15 hivi kabla ya kulala, inasaidia wengi. Na mchana tembeeni, kushinda kitandani kunakaza mgongo.

Kijana wa Boda
Mimi bila kulala kifudifudi usingizi hauji. Nifanyeje?

Dereva wa Tunduma
Mdogo wangu, weka mto mwembamba chini ya tumbo la chini, usawa wa nyonga, kiuno kisizame. Wa kichwani utoe. Taratibu ujizoeze ubavu, ukikumbatia mto mrefu kifuani, maana kifua kinataka kitu cha kuegemea. Jaribu leo, kesho utuambie.