Mrejesho: Nimefika wapi na Plotinus na Guénon

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Mwezi wa tatu niliomba ushauri hapa: nilikwama kwa Plotinus, mwanafalsafa wa kale wa karne ya tatu, na kitabu cha mwandishi Mfaransa René Guénon cha 1945 kuhusu utawala wa idadi kilinishinda kurasa za mwanzo tu.

Aliyeniambia nisisome Plotinus kuanzia mwanzo, Mungu akubariki. Sikujua kwamba zile tasnifu zake 54 zilipangwa na mwanafunzi wake Porphyry, tisa tisa, kwa mada. Nilianza na ile ya uzuri (1.6, yaani kundi la kwanza, tasnifu ya sita), ambayo ndiyo aliyoiandika kwanza. Niliisoma kwa sauti alfajiri, na baridi hii ya Uyole, mara tatu. Anaposema ingia ndani yako, na usipouona uzuri fanya kama mchonga sanamu, ondoa hapa, lainisha pale, nilifunga kitabu nikakaa kimya mpaka kukapambazuka.

Kwa Guénon nilirudi kwenye kile kifupi cha 1927 kuhusu mgogoro wa ulimwengu wa kisasa, na daftari la istilahi pembeni kama mlivyoelekeza. Daftari ndilo lililoniokoa. Mfano “mapokeo”: nilidhani ni mila za mababu, kumbe kwake ni elimu ambayo chanzo chake kinampita binadamu. Nimekimaliza, ingawa anavyoihukumu sayansi bado sikubaliani naye.

Cha 1945 bado. Nimekijaribu tena, sura za hesabu zimenigomea. Na msomaji mwenza wa kusoma naye nilimpata ila sikudumu naye, alihamia Njombe.

Asanteni sana, hasa dada aliyenipa ule mpangilio wa kusoma.