Yule shemeji akihesabu tena mpaka tano mbele yangu, nitafungwa mimi

Chumvi ya Mawe

Wakuu, sijapoa. Limetokea saa kumi jioni, sasa hivi ni saa tatu usiku na mkono bado unatetemeka. Ni yule yule. Sina haja ya kumtaja, mnamjua, wa ule uzi wa king'amuzi. Mume wa dada yangu. Yule mwenye flashi tatu kwenye funguo za pikipiki.

Mzee wangu kastaafu zamani. Kompyuta alijifunza mwaka 1997, kwenye kile chumba cha ofisi cha kuvua viatu mlangoni, monita imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Kila nikimpa laptop yangu anauliza swali moja: "Ile Start ya kijivu mliipeleka wapi?" Nikasema ngoja nimrudishie mzee ujana wake.

Nimekesha usiku tatu na 86Box, programu ya kuigiza kompyuta za zamani, najenga Pentium ya megahezi 100 yenye ramu megabaiti 32, ndani ya laptop yenye ramu gigabaiti 16. Yaani nimekodi basi zima la mkoani nikaliagiza litambae kama konokono. Windows 95 ikaingia. Draiva ya skrini ikaingia. Kadi ya sauti, Sound Blaster 16, ilinitoa jasho mpaka adhana ya alfajiri, nayo ikaingia.

Leo nikamkalisha mzee. Ikawaka, ule mlio ukalia. Mzee alinyamaza, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Halafu hakuniuliza kitu, akaenda mwenyewe Start, Programs, Accessories, Games. Vidole vilikuwa vinakumbuka njia! Akafungua Solitaire.

Nusu saa anacheza. Mimi nikaenda jikoni kuchukua chai. Narudi na sinia, nasimama mlangoni, naona kabakiza karata moja. MOJA. Mzungu wa nne wa shupaza. Ukiipandisha hiyo tu karata zote zinaanza kumwagika na kudundadunda chini ya skrini, mnaijua raha yake.

Akaingia yule.

"Baba shikamoo, niazime mausi dakika moja nicheki matokeo." Wakuu, kaitoa mausi MKONONI MWA MZEE. Kasukuma mshale atoke nje ya dirisha, mshale umegonga ukingo umekataa. Lazima ukatae! Ukishabofya ndani ya lile dirisha mausi ni mali ya Pentium mpaka uiachie kwa vitufe vyake, na vimeandikwa pale pale juu ya dirisha. Hakusoma. Akasema imeganda. Akasema virusi. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, akakandamiza, akaanza kuhesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea.

Moja. Mbili. Mimi nimeshika sinia, vikombe sita na chupa, niweke wapi? Tatu. Nasema "shemeji, shemeji, shemeji". Nne. Ananiangalia machoni, anatabasamu.

Tano. Giza.

Mzee akasema: "Ahsante mkwe wangu, kumbe ilikuwa na virusi."

Kiberiti Kimoja

Nimeshakaa. Nani ana karanga?

Mfupa wa Samaki

Chai hii. Tena sinia umelishika mwenyewe.

Chumvi ya Mawe

Mkuu, chai yenyewe imemwagika kwenye zulia la mama, njoo unuse.

BintiMakorora

Huyo shemeji mnamkaribisha bado? Baada ya king'amuzi? Basi mnampenda nyie.

Paka Shume

Swali dogo mleta mada. Kwenye 86Box diski nzima ya hiyo Windows ni faili moja tu. Draiva zako, Sound Blaster yako, Solitaire ya mzee, vyote vimelala ndani ya faili moja la mamia machache ya megabaiti. Unalinakili kama unavyonakili picha za harusi, sekunde chache. Umekesha usiku tatu. Nakala iko wapi?

Chumvi ya Mawe

Mkuu, suala si nakala. Suala alihesabu.

Paka Shume

Kwa hiyo hakuna nakala.

Chumvi ya Mawe

ALIHESABU MPAKA TANO. ANANIANGALIA.

Fundi Nusu

Mimi nashangaa watu wanaojitesa. VirtualBox, nayo ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ipo bure, dakika ishirini umemaliza, 86Box ya nini?

Paka Shume

Jaribu uone. Windows 95 ikiwa inawaka inapima kasi ya prosesa kwa kuzungusha kitanzi na kuangalia saa. Prosesa za leo zinamaliza kitanzi kabla saa haijasogea, hesabu inagawanywa kwa sifuri, unapewa "Windows protection error" na salamu za pole. Ukipita megahezi 2100 hivi, upande wa mtandao nao unakufa kwa ugonjwa huo huo. Kompyuta inagoma kwa sababu ina mbio mno. Kwenye 86Box hilo halipo, kwa sababu inaigiza chipu yenyewe pamoja na uvivu wake.

Fundi Nusu

Kuna kiraka cha hilo tatizo, watu walishatengeneza.

Paka Shume

Kipo. Na VirtualBox siyo emuleta, haiigizi chipu, inapitisha kazi kwenye prosesa yako halisi. Nilitaka liingie kwenye kumbukumbu.

Kiberiti Kimoja

Nyie wawili mna wake kweli?

Chumvi ya Mawe

Nimeiwasha tena. Imekuja ScanDisk, mkaguzi wa diski, ya bluu inanisomea kwamba Windows haikuzimwa vizuri, kama vile mimi ndiye niliyezima! Imekagua, imeniachia kipande cha faili, FILE0000.CHK, sijui ni maiti ya nani. Halafu imefunguka kwa Safe Mode, ile hali ya dharura, rangi 16, alama zimekuwa kubwa kama mabango ya uchaguzi. Nimefungua Solitaire. Karata zimegawiwa upya. Ile ya mzee haipo, Solitaire ya 95 haihifadhi mchezo.

Nimekwenda kumwambia mzee. Kasema, "Mwite mkwe aje aangalie."

BintiMakorora

😂😂😂 Mwite mkwe! Mzee kachagua upande.

Bi Mkubwa wa Hesabu

Wewe umepoteza karata. Mimi ofisini programu ya mishahara ni ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows, umri wake sawa na wa kijana wangu wa kwanza. Wameniletea kompyuta mpya, Windows ya biti 64, nayo programu za biti 16 haizifungui kabisa, hata uiombe kwa dua. Nikaweka DOSBox, inayoigiza kompyuta ya DOS. Ikafunguka vizuri, ila kuchapisha haitaki, maana wenyewe waliitengeneza kwa ajili ya michezo. Nikahangaika nikapata DOSBox-X, ile inachapisha. Siku ya kwanza tu, bosi mpya kapita nyuma yangu kaona skrini nyeusi na maandishi, akapiga ukelele kwamba tumeingiliwa na wadukuzi. Akarukia ukutani akang'oa waya wa intaneti. Programu yenyewe haijawahi kuiona intaneti tangu izaliwe! Karatasi za mishahara zikakatikia njiani. Mpaka leo nikifungua DOSBox ananiuliza kama tuko salama.

Chumvi ya Mawe

Pole dada, lakini huyo hakuhesabu.

Bi Mkubwa wa Hesabu

Aling'oa na plasta ya ukuta, kaka.

Dogo wa Bamburi

Mimi ndiye wa kuhurumiwa hapa. Mchezo wangu wa magari wa zamani, ulikuwa unafuata kasi ya kompyuta. Kwenye DOSBox ukianza mbio, magari yashafika kabla sijagusa kitufe. Wajua Ctrl na F11 yapunguza, F12 yaongeza. Wiki nzima nikipunguza na kuongeza, hata nikapata namba sawasawa, gari likienda kama gari. Nikaiandika ukutani kwa penseli kando ya kitanda. Mamangu akapaka chokaa ya Idi.

Mfupa wa Samaki

Faili la mipangilio si lipo? Unaandika mle cycles= na namba yako, umemaliza.

Dogo wa Bamburi

Sasa hivi ndio waniambia?

Mfupa wa Samaki

Halafu huo mlio wa Windows 95 uliomliza mzee ni kazi ya Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza. Mwenyewe alisema aliutunga kwenye Mac, kompyuta ya Apple.

Kiberiti Kimoja

Kumbe hata mlio walienda kuazima kwa jirani.

BintiMakorora

Samahani, nimekwama huko juu. Mzungu wa nne ndiyo yupi?

Fundi Nusu

K. Wa tatu Q, wa pili J.

Babu Wahedi

Wewe kijana usipotoshe watu. Wa nne ni K, wa tatu ni J, wa pili ni Q.

Fundi Nusu

Mzee, malkia awe chini ya J? Wapi duniani?

Babu Wahedi

Kwenye karata. Ree (A) pointi 11, saba 10, K nne, J tatu, Q mbili, zilizobaki garasa, hazina pointi. Jumlisha halafu zidisha kwa rangi nne, unapata 120. Ndiyo maana mchezo ukaitwa wahedi wasitini, ukifika 61 mwenzio amekwisha. Majina ya wazungu yanafuata pointi zao. Nyie mmejifunzia kwenye kompyuta mnacheza peke yenu kama wagonjwa.

Dogo wa Bamburi

Babu yuko sawa.

Fundi Nusu

Saba pointi 10? Hii nayo chai.

Bi Mkubwa wa Hesabu

Ni kweli, 30 mara nne, 120. Nimepiga na kikokotoo.

Chumvi ya Mawe

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Karata ilikuwa moja imebaki. Akahesabu mpaka tano.

Babu Wahedi

Tano ni garasa.