UZI WA MALALAMIKO: "Nina mshipa" si jina la ugonjwa, ulizeni!

Nyie mnaokaa nyuma ya meza za spitali na vituo vya afya mkijaza vyeti, hivi kuuliza "mshipa gani?" kunawapunguzia nini?

Mzee wa Unguja au Pemba akisema ana mshipa, huenda ni ngiri: uvimbe wa kinenani unaotokeza akikohoa au akinyanyua gunia, ukarudi ndani akilala chali. Huenda ni busha, maji yamejaa kwenye pumbu, na hayo hayarudi hata alale mpaka asubuhi. Au kiuno tu kimekaza. Sasa ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu, inauma na mtu anatapika, huyo apelekwe kupasuliwa siku hiyohiyo. Utumbo umebanwa, damu haifiki. Nyie mnampa vidonge vya maumivu na "rudi Jumatatu"! Na wazee wetu wanaona haya, hawatataja pumbu mbele ya foleni. Fungeni mlango kwanza.

"Moyo unaniuma" nayo hivyo hivyo. Mwambieni aoneshe kwa kidole. Akigusa chembe cha moyo, mara nyingi ni kiungulia au vidonda vya tumbo, ila msikimbilie dawa ya gesi. Ulizeni kama maumivu yanabana, yanapanda tayani au mkono wa kushoto, jasho linamtoka, yanazidi akipanda ngazi. Mwenye sukari anaweza kushikwa na moyo kweli akahisi tumbo tu.

Kifua? Kikohozi kikifika wiki 2, makohozi yapimwe TB. Hili halina mjadala.

Halafu hii UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kila mtu. Mtoto anaoga mtoni, anakojoa na damu inakuja mwishoni mwa mkojo, mnaandika UTI na antibayotiki! Hicho ni kichocho, ugonjwa wa minyoo, mpaka kipimo cha mkojo kikatae. Dawa yake ni prazikwanteli, kwa uzito wa mtoto. Antibayotiki haiui minyoo ile.

Na bahasha za dawa: "1x3" maana yake kidonge 1 mara 3 kwa siku, lakini wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo. "Kila saa 8" ndiyo mbaya zaidi, mtu anasubiri saa nane ya mchana na saa nane ya usiku, dozi ya tatu hana habari nayo. Andikeni asubuhi, mchana, usiku. Wino mnao.