Nina gunia la shaba na akiba kidogo: je, ninunue hisa za migodi?

Fundi wa Ngamiani

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina karakana ndogo hapa Ngamiani, Tanga, ya kuzungushia upya waya mota zilizoungua, hasa za pampu za maji na za mashine za kukoboa nafaka. Waya wa shaba ninaonunua kwa kilo umepanda bei kiasi kwamba siku hizi mteja akisikia gharama ya mota moja hunyamaza kwanza kabla ya kunijibu. Waya wa zamani ninaoung'oa, ule mweusi wenye harufu ya vanishi iliyoungua, huuweka kwenye gunia nyuma ya mlango na kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu linapojaa. Nimejiuliza: ikiwa shaba inanitoza kila mwezi, kwa nini nisiwe upande wa wanaoichimba? Nina akiba ya shilingi milioni 5 ambayo haina matumizi ya haraka. Je, ninunue hisa za migodi ya shaba, au nisiuze gunia nisubiri bei ipande zaidi? Nitashukuru nikijibiwa na mtu aliyekwisha kuyapitia haya.

Mwanahisa wa Raskazone

Fundi, nimemiliki hisa kwa miaka kadhaa, na la kwanza ningependa ulishike ni hili: gunia lako ni shaba, lakini hisa ya mgodi si shaba. Bei ya tani moja hupatikana kila siku katika soko la metali la London kwa dola, na hata mnunuzi wako wa chakavu huifuata akishatoa gharama zake. Hisa ni kipande cha kampuni, yaani shimo, mitambo, madeni, na mkataba kati yake na serikali ya nchi lilipo shimo hilo.

Chukua mfano wa mgodi unaotumia dola 6,000 kutoa tani moja. Shaba ikiuzwa dola 9,000, faida ni 3,000. Bei ikifika 10,000 imepanda kwa asilimia 11 tu, ilhali faida imepanda kwa theluthi nzima, na hapo ndipo watu hupenda hisa kuliko shaba yenyewe. Lakini ikishuka kutoka 9,000 hadi 7,000, theluthi mbili za faida zimetoweka. Si jambo la kufikirika: katikati ya mwaka 2008 tani iliuzwa zaidi ya dola 8,000, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya 3,000.

Kisha kuna hatari ambazo bei ya shaba haizionyeshi kabisa. Mwishoni mwa 2023 Mahakama ya Juu ya Panama ilitangaza kuwa mkataba wa mgodi wa Cobre Panamá ulikwenda kinyume cha katiba, mgodi ukafungwa, na hisa za First Quantum, kampuni ya Kanada inayoumiliki, zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ndani ya wiki chache. Shaba yenyewe haikuanguka. Mwenye gunia alilala salama, mwenye hisa hakulala. Mwezi Mei 2025 ikawa zamu ya Kamoa-Kakula kule Kongo, ambako ardhi ilitikisika na maji yakaingia chini ya mgodi.

Mzee wa Pongwe

Mwanangu, sisi hatuna haja ya kwenda Panama kutafuta mfano. Nilikuwa na hisa chache za Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu iliyokuwa imeorodheshwa London na Dar es Salaam, na Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia yasisafirishwe nje, yaani mchanga wa madini uliobeba dhahabu pamoja na shaba, niliziona zikiyeyuka mwezi hadi mwezi. Sisemi serikali ilikosea kudai haki ya nchi. Nasema tu kwamba hasara ilinifikia mimi niliyekaa kibarazani Pongwe bila kujua makinikia ni nini.

Tena sisi wa Tanga tunaijua bidhaa ya dunia inavyogeuka. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, na kitovu chake kilikuwa hapa. Kamba za nailoni na plastiki zilipoenea, mashamba aliyofanyia kazi baba yangu yakaota vichaka. Shaba nayo ina mpinzani wake, alumini.

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Hilo la alumini nalishuhudia mezani kwangu: pampu nyingi za bei nafuu zinazoletwa sasa zina waya unaong'aa kama shaba, lakini nikiukwaruza kwa kisu, ndani ni mweupe. Nimetumiwa pia ujumbe wa programu ya simu inayodai kununua hisa za shaba kwa niaba yangu na kunilipa asilimia 10 kila wiki.

Mwanahisa wa Raskazone

Usiwatumie hata shilingi. Hisa hazina malipo ya kila wiki yasiyobadilika. Gawio hutolewa kampuni ikipata faida na ikiamua kuigawa. Dalali halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha yao ipo wazi. Katika soko letu la Dar es Salaam hakuna kampuni ya kuchimba shaba, kwa hiyo ungelazimika kununua nje, ukilipia kubadilisha fedha na ada za dalali, ambazo kwa milioni 5 zingeuma.

Mama Vifaa, Chumbageni

Fundi, mbona unayo njia ya tatu? Shaba ikipanda, wewe ndiye unayeumia kwa sababu unanunua waya. Ukinunua sasa roli za waya wa unene unaoutumia sana, umejiwekea shaba kwa bei ya leo, na hata isipopanda, waya utautumia. Usinunue unene usioutumia kila wiki, na zihifadhi mbali na unyevu wa pwani.

Fundi wa Ngamiani

Dada, hilo sikuwa nimeliwaza. Kesho nitapitia daftari la kazi la mwaka mzima nione unene upi umetoka zaidi. Nadhani ni ile miwili ya pampu za nguvu ya farasi moja. Nitaanza na milioni 2, na gunia nitaliuza likijaa kama kawaida.