Naomba ushauri: tuanze na Binti au Walenisi?
Habari wadau, tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu, safari hii tumekubaliana tuingie kwenye hadithi za kisayansi ila sasa tumegawanyika. Wengi wanataka Binti ya Nnedi Okorafor sababu ilishinda tuzo za Hugo na Nebula za hadithi za kisayansi halafu ni fupi, wikiendi moja umemaliza, mimi nang'ang'ania Walenisi ya Katama Mkangi ya 1995, jamaa Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha angani, anajikuta ulimwengu mwingine kabisa, sasa tamu kama hiyo tunaiachaje jamani? Shida nakala, madukani nimezunguka, wapi, sijaipata. Mlioisoma Walenisi, Kiswahili chake wasomaji wapya watakiweza kweli? Na mjadala mnafanyaje, sura kwa sura au mnasubiri wote wamalize?